Mshipa wa Pembeni

Simu ya hospitali ilimkuta Fundi Bomba amelala chali chini ya sinki la watu, spana mdomoni, maji machafu yakimdondokea shingoni tone moja moja. Akaitoa spana, akaitikia.

"Wewe ndiye mume wa marehemu?" sauti ya kike iliuliza, kisha ikasoma namba ya faili, kama vile mtu huoa namba.

"Ndiye mimi."

"Unahitajika kitengo cha macho. Kuna fomu ya kusaini. Njoo na kitambulisho."

"Mtu mwenyewe nilishamzika. Sahihi ya nini tena?"

"Mzee wangu, mimi natumwa tu."

Fundi akakata simu. Kila mtu ambaye yeye aliwahi kumuuliza jambo katika jengo lile alikuwa anatumwa tu. Mtumaji ndiye hakuwahi kuonekana. Akakaza nati, akafungua maji, akapitisha kidole kwenye maungio kuhakikisha pakavu. Mwenye nyumba, mwanamke ambaye koki yake ya bafuni bado ilimngoja fundi, akamuuliza kama ni habari mbaya.

"Wala. Nakwenda mara moja, narudi. Maji ya bafuni nimeyafunga, msiyaguse."

Hakudanganya. Hakusikia ubaya wowote. Tangu mke wake afe, miezi kumi na moja sasa, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, ni wako, lakini ukiubonyeza hausikii kitu. Watu walipompa pole aliwashukuru. Binti yake alipolia, alimletea maji ya kunywa. Alikula, alilala, alikwenda kazini. Kilichobaki kikifanya kazi ndani yake ni kimoja tu, nacho kilikuwa hasira juu ya wakubwa, na hata hiyo siku hizi aliibeba kwa mazoea, kama alivyoubeba mfuko wake wa vifaa.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Mkasi, na wengi waliapa kwamba jina hilo halikutokana na mkasi wa chuma bali na ule wa mdomoni. Alishona chumba cha mbele, mlango wazi, akiwajibu wapita njia bila kuinua kichwa. Alipotunga uzi kwenye sindano alifumba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia, ulimi umetoka kidogo pembeni, na uzi ulipita mara moja. Hakuwahi kuvaa miwani. Alijivunia jambo hilo kuliko watoto aliowazaa.

Asubuhi moja akaita, "Baba watoto, njoo uone maajabu. Tundu la sindano naliona. Vidole vyangu sivioni."

"Vidole vimekwenda wapi?"

"Nakuuliza wewe! Nikifumba hili la kushoto, la kulia linaona kama nachungulia kwenye kipande cha bomba lako. Katikati safi, pembeni giza."

Fundi alicheka. Aliokota kipande cha bomba, akakiweka jichoni, akamtazama. "Mbona hata hivi unapendeza? Tena afadhali, mdomo hauonekani."

"Utaonekana leo leo," alijibu mke wake. Lakini mkono aliuweka kifuani, na Fundi akauona. Wakaenda hospitali siku ile ile.

Utaratibu wa kitengo cha macho ulikuwa umebandikwa ukutani, na mhuri, na sahihi ya daktari mkuu. Muuguzi anakusomesha herufi kwenye ubao, jicho moja moja. Ukishindwa, unapewa kadi nyekundu, unaingia kwa daktari. Ukisoma mpaka mstari wa mwisho, unapewa kadi ya kijani, unapita dirishani kuchukua dawa ya matone, unakwenda zako. Foleni ilikuwa ndefu, na kadi ziliwekwa ili kuifupisha. Nayo ilifupika kweli.

Mama Mkasi alisoma kwa jicho la kulia polepole, akiiwinda kila herufi. Alifika chini kabisa.

"Mama, unanishinda hata mimi," alisema muuguzi, mkono ushaifikia kadi ya kijani.

"Lakini mwanangu, pembeni hakuna kitu."

"Sasa pembeni kuna nini cha kusoma?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Fundi naye alicheka, na kicheko kile alikuja kukikumbuka baadaye kwa undani usio na faida: nani alianza, nani alimalizia. Wakati wa kutoka, msichana mmoja kwenye korido aliwaita. Kulikuwa na mashine mpya ya kupiga picha ndani ya jicho, naye alikuwa anajifunza kuitumia. Kama mama hana haraka. Mama akaweka kidevu, mwanga ukapiga, wakaambiwa asante.

Siku ya sita, Mama Mkasi aliipiga kikumbo pasi iliyokuwa upande wake wa kulia, ikaanguka na kuunguza kitambaa cha mtu. Akakaa chini palepale. "Baba watoto, mimi siko sawa. Turudi."

Fundi alikuwa ametoka kazini, amechoka, miguu imelowa. Akasema, "Wanaojua wameshasema wewe mzima. Umesoma mpaka mstari wa mwisho. Acha kudeka."

Mke wake hakumjibu. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu hakumjibu.

Siku ya tisa alianguka juu ya cherehani, mdomo umevutwa upande mmoja, na jioni yake hakuwepo. Kiharusi, walisema. Fundi alirudi kitengo cha macho mara tatu kuuliza, na mara zote tatu walifungua faili na kumsomea: mgonjwa anaona vizuri, macho yote mawili. Mara ya tatu alianza kuwaamini nusu. Ndiyo ilikuwa sumu yake. Kama faili ilisema kweli, basi mke wake alikuwa anadeka na kifo kilimjia kivyake. Kama faili ilisema uongo, wakubwa walikuwa wamemuua, lakini basi na lile neno la siku ya sita lilikuwa na mwenyewe, naye ni yeye. Kati ya hayo mawili Fundi alikaa miezi kumi na moja, asiende mbele wala nyuma. Neno lile hakumwambia mtu, hata binti yake.

Basi, baada ya simu ile, akaenda. Kwenye korido ya kitengo cha macho koki ya kunawia mikono ilikuwa inavuja ndani ya ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa. Aliitazama. Ilitaka mpira mmoja tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Akaipita.

Utaratibu ulikuwa bado ukutani, na mhuri wake.

Karani alimpa fomu. Fundi aliishia darasa la nne, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na karani akawa anaguna. Fomu ilisema kwamba yeye, ndugu wa mgonjwa, anaridhia picha ya jicho itiwe katika kitabu cha kufundishia madaktari.

"Picha gani?"

"Sijui, mzee. Saini hapo chini."

"Nisaini nisichokijua? Mimi hata bomba sifungi kabla sijalichungulia."

Karani akaguna tena, akamwelekeza mlango wa chumba cha picha. Humo alikuwemo yule yule msichana wa korido, sasa amejua kazi, koti lake jeupe limechakaa viwiko. Alipoona namba kwenye fomu alisimama.

"Wewe ni baba wa ile picha," alisema, kisha akaona haya kwa jinsi alivyosema. "Samahani. Kaa, nikuonyeshe."

Akawasha mashine. Kwenye kioo likatokea duara kubwa, na ndani yake duara dogo jeupe, na kutoka hapo mishipa ikitawanyika juu na chini, ikigawanyika na kugawanyika tena, mpaka ikawa myembamba kama uzi. Fundi alisogea. Kwa miezi kumi na moja hakuwa ameona kitu na kukielewa mara moja. Hiki alikielewa.

"Hapa ndipo maji yanapoingilia," alisema, akionyesha duara jeupe.

"Damu, ndiyo."

"Hili bomba kuu. Haya matawi. Lakini mbona ukuta umepauka hivi? Kote kumekuwa kama maziwa."

"Kwa sababu bomba kuu limeziba, baba. Donge la damu limekwama. Jicho zima halipati kitu."

"Zima?" Kidole chake kilikuwa kimeshafika. Kutoka ukingoni mwa lile duara jeupe, peke yake, ulichomoza mshipa mwembamba, ukapinda kama ndoano, ukaenda moja kwa moja mpaka katikati. Na kila ulikopita, rangi ilikuwa hai, nyekundu ya chungwa, umbo la ulimi. "Huu je?"

"Huo ndio unaotakiwa kitabuni. Hautoki kwenye bomba kuu. Unatokea nyuma, kwenye njia nyingine kabisa."

"Tangi jingine."

"Tuseme tangi jingine. Si ugonjwa, ni maumbile tu. Katika watu kumi, wawili watatu hivi wanao, wengine hatuna. Mishipa ya macho haifanani, baba, hata jicho lako la kulia na la kushoto hayafanani. Ila wa mama ulikwenda mpaka hapa penyewe pa kusomea. Ndiyo maana bomba kuu lilipoziba, hapa katikati hapakufa."

Fundi akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemweleza mteja:

"Nimeshaingia nyumba za namna hii. Nyumba nzima kavu, bafu kavu, choo kikavu, ila koki moja ya jikoni inatoa maji, kwa sababu zamani kuna fundi aliichomekea laini ya pembeni kutoka tangi la jirani. Anakuja mkaguzi, ana haraka, anafungua koki hiyo hiyo moja, anaandika maji yapo. Mwenye nyumba anapiga kelele, bafuni hakuna! Anaambiwa, mama, nimeona maji kwa macho yangu."

Msichana aliinamisha kichwa. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Kwa hiyo hakuwa anadeka."

"Nani alisema anadeka?"

Fundi aliendelea kuutazama ule ulimi mwekundu. Kitu kama hicho kilikuwa ndani ya jicho la mtu aliyelala naye miaka ishirini na tisa, na hakuna aliyejua, hata mwenyewe.

"Mtu akija na jicho hivi," aliuliza, "anafanywaje?"

"Analazwa siku hiyo hiyo. Madonge ya damu yakianza kusafiri, jicho ni dalili tu. Jingine linaweza kwenda kichwani."

"Nawe ulikuwa nayo picha."

"Nilikuwa nabonyeza tu, baba. Kusoma sikujua. Picha za kadi nyekundu zilisomwa kesho yake. Za kijani zilingoja wiki tano." Akafuta kioo kwa mkono wa koti ingawa kilikuwa safi. "Siku hizi ninaowapiga picha nawauliza, na pembeni je?"

"Wanaokufikia."

"Wanaonifikia," msichana alikubali.

Daktari mkuu, ambaye Fundi alipelekwa kwake na fomu mkononi, alikuwa mtu mpole, na jambo hilo lilimkera Fundi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa mtu mwingine. Alimpa kiti na pole ya msiba. Alisema picha ile ni nzuri sana, katika miaka yake yote ya kazi hajaona nyingine iliyo wazi vile.

"Nzuri," alisema Fundi.

"Samahani. Nzuri kwa mafunzo."

"Na chini yake mmeandika nini?"

Daktari akasoma kwenye karatasi yake: "Jicho la kulia la mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Mshipa mkuu umeziba. Mshipa wa pembeni umeokoa uoni wa katikati."

"Umeokoa."

"Ndiyo."

"Na mwenye jicho?"

Daktari alivua miwani. "Mzee, kitabu hiki ni cha macho."

"Sawa. Ule utaratibu wa kadi pale ukutani, nao ni wa macho? Mbona upo mpaka leo? Picha mmeiona, mmeisoma, mnaitia kitabuni, na kadi zinaendelea kugawiwa."

"Utaratibu ule umetoka juu."

"Juu wapi? Sahihi si yako?"

"Sahihi ni yangu," alisema daktari. "Lakini mimi pia natumwa."

Miezi yote hii Fundi alimchora mtu mmoja kichwani, mnene, ameketi mwisho wa ngazi zote, na alikuwa ameshamwandalia maneno. Sasa amefika, na kiti kile nacho kina mtumaji. Hasira ilijaribu kunyanyuka, ikakaa. Hakukuwa na wa kuipokea.

Kwenye fomu, juu ya mstari wa sahihi, palikuwa na nafasi: maoni ya ndugu, kama yapo. Akatoa penseli yake bapa nyuma ya sikio, ile ya kutia alama kwenye bomba na ukuta, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, akikandamiza:

ALISEMA HAONI VIDOLE VYAKE. TULIMWAMBIA ANAONA.

Akaisukuma fomu mezani. "Hayo yawekwe chini ya picha. Yakiwekwa, nasaini."

Daktari alisoma. Akasoma tena. "Tulimwambia? Nani na nani?"

"Nyinyi," alisema Fundi. "Na mimi."

Nje koki iliendelea kudondoka kwenye ndoo.

"Sikiliza, mzee wangu," alisema daktari mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sentensi ya kwanza naiweka. Nakuahidi, nitapigania. Maneno ya mgonjwa yana faida, wanafunzi wataelewa. Hii ya pili hawataipitisha. Watasema tunajishtaki. Tuifute, tusaini, na mama atakuwa amewasaidia wengi."

Lilikuwa jambo la busara, na Fundi alijua ni la busara. Mtu angeweza kulikubali, akaenda nyumbani na nusu. Alikuwa amekwisha kuishi na nusu miezi kumi na moja.

"Ya pili ndiyo sahihi yangu," alisema. "Ukiifuta, nimesaini nini?"

"Basi picha haitatumika."

"Isitumike."

Akasimama, akatundika mfuko wa vifaa begani. Hakusikia ushindi. Alisikia uzito wa mfuko, basi, na mkanda wake ukikata bega pale pale unapokata siku zote. Fomu aliiacha mezani na herufi zake, bila jina chini.

Kupita nje kulimlazimu kukata foleni, mbele ya ubao wa herufi. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya gereji alikuwa amefumba jicho moja kwa kiganja, anamalizia mstari wa mwisho. Muuguzi, yule yule, alinyoosha mkono kwenye kadi za kijani.

Fundi alisimama. Hakuwa amepanga.

"Bwana," alimwambia yule wa gereji, "umeulizwa na pembeni?"

"Pembeni wapi?"

"Usiondoe kiganja. Hapo hapo ulipo, tazama herufi. Ukutani unaona nini? Huyu dada unamuona? Mkono wako mwenyewe unauona?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, na wengine wakafuata. Muuguzi alishika kiuno. "Wewe mzee! Ni nani wewe hapa?"

"Mimi natumwa tu," alisema Fundi.

"Umetumwa na nani?"

"Na mke wangu."

Kicheko kiliongezeka, hata muuguzi alishindwa kujizuia. Wake hao wana amri, alisema mmoja. Lakini mtu wa gereji hakuondoa kiganja. Alikuwa ameunyoosha mkono wa pili kando, akitikisa vidole, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza injini. Nyuma yake bibi mmoja naye akafunika jicho. Kisha kijana mwenye vitabu akafunika lake, kwa mzaha, kisha si kwa mzaha.

Fundi hakungoja kuona nani ataona nini. Kwenye koki ya korido alisimama kidogo, akatafuta mfukoni, akakuta mpira wa saizi ile hana. Akamwaga ndoo, akairudisha chini ya tone, akatoka. Kuna nyumba alikuwa ameiacha bila maji ya bafuni, na mwenyewe alikuwa anamsubiri.